Baba Yako Aliusikia Utabiri

Redempta,

Sianzi na salamu. Tulisalimiana asubuhi. Ulisema shikamoo huku umegeukia ukuta, nami nikaitikia marahaba huku nimegeukia sufuria. Sasa umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, jua bado liko juu, nami nimekaa nyuma ya nyumba pembeni ya mpunga uliobaki kuanikwa, nawafukuza kuku kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Naandika kwa sababu kila tukifungua midomo tunagombana, na kesho treni ikifika utapanda, na maneno niliyonayo si ya kusemewa dirishani.

Sitakueleza habari za kula wala kulala. Umeishi chuoni, unajua kujipikia. Kusali ulifundishwa na bibi yako kabla mimi sijapata nafasi. Nataka nikueleze hasira yangu, kwa sababu naona unaondoka ukidhani yote ni yako.

Sehemu ni yako, nisidanganye. Siku ulipokuja kuniambia umepata kazi ofisi ya hali ya hewa kule Mbeya, kwamba utakuwa miongoni mwa wanaoandaa utabiri wa kila siku wa mikoa ile ya juu, majirani walipiga vigelegele, mimi nikaingia ndani. Ukanifuata.

"Mama, hufurahi?"

"Unakwenda kufanya kazi na watu wa chukueni tahadhari," nikakuambia.

Ukasema neno ambalo mpaka leo limenikaa kooni kama mwiba wa perege: "Mama, utabiri wa siku ile ulikuwa sahihi. Nimeutafuta nikausoma. Walisema baridi kali, na baridi kali ilikuwepo."

Sahihi! Mkono wangu uliinuka wenyewe, ukashuka wenyewe. Nikatoka nje nikaenda kupepeta mchele uliokuwa umeshapepetwa. Tangu siku hiyo tunaongea kama wapangaji wawili wanaogombea bomba. Sasa nisikilize. Ulikuwa darasa la tano mambo haya yalipotokea. Ulielezwa nusu, na hiyo nusu yenyewe ilikuwa ya uongo.

Kilikuwa kipupwe kama hiki. Mpunga ulikuwa umetuitikia mwaka ule, shamba letu la upande wa Mngeta lilijaa mpaka baba yako akawa anaimba peke yake njiani. Lakini bonde zima lilikuwa limevuna, na hapa Ifakara kila mwenye gunia alikuwa anamtafuta mnunuzi, mnunuzi anajifanya hana haraka. Baba yako akasema hakubali kuchezewa. Akaamua kukoboa, kupakia mchele kwenye treni na kuupeleka mwenyewe Makambako, kule Njombe, ambako hawalimi mpunga na wanaupenda wa kwetu.

Jioni ya kuamkia safari tulikuwa barazani tunashona magunia. Wewe ulishika midomo ya gunia, yeye akapitisha sindano, mimi nikakata kamba. Redio ilining'inia kwenye msumari. Ikafika habari ya hali ya hewa. Nakumbuka sauti ya yule dada, nzuri, laini, kama anambembeleza mtoto. Akaanza Kagera na Mwanza, akapita Kigoma na Tabora, akashuka Dodoma, akaenda pwani akasema upepo wa kusi na mawimbi. Nchi kubwa hii, mtu anayemaliza kuizunguka kwa basi anafika amevimba miguu, yeye aliizunguka kabla baba yako hajamaliza kushona gunia moja.

Kisha akasema nyanda za juu kusini, Njombe, Iringa, Mbeya, kutakuwa na baridi kali usiku na asubuhi. Akasema, "Wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari."

Baba yako akacheka. "Hao wameshazoea." Halafu akainua kidole. "Kimya, kimya, tusikie ya kwetu." Yule dada akasema Morogoro hali ya ukavu na vipindi vya jua. Baba yako akatikisa kichwa kwa furaha, kana kwamba jua lile limeagizwa kwa ajili yake.

Umeona? Aliusikia. Masikio yake yote mawili yalikuwa mazima. Alisikia habari za alikotoka, na alikokuwa anakwenda akaona ni habari za watu wengine. Na mimi niliyesikia pamoja naye nilimwongezea shati la mikono mirefu kwenye mfuko. Hiyo ndiyo tahadhari niliyoijua. Mtu aliyezaliwa hapa bondeni, tunakolala tumejifunika khanga moja na hiyo tunaipiga teke kabla hakujakucha, ukimwambia baridi anafikiria shati.

Yaliyofuata niliyasikia kwa msichana aliyekuwa mhudumu wa gesti. Baba yako alifika Makambako jioni, treni ilichelewa. Utaiona mwenyewe njia ile. Mpaka Mlimba bado uko kwenu, ukishapita hapo treni inapanda milima, inaingia kwenye mahandaki, na kila handaki likiisha hewa imekuwa nyingine. Msichana alisema alimpokea anatetemeka, meno yanagongana mpaka jina lake hakuweza kulitaja vizuri. Alimwuliza, "Dada, huku mnaishije?" Wakacheka wote. Mwenye gesti akasema, huyu ni wa bondeni, mpelekeeni jiko la mkaa chumbani. Alisema kama mtu anavyosema mpelekeeni chai. Ilikuwa ndiyo huduma yao kwa watu wa huku. Baba yako akashukuru sana. Akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa gunia tupu ili baridi isiingie. Alikuwa hodari wa kuziba, baba yako. Nyumba hii mvua haijawahi kuingia.

Asubuhi wakavunja mlango. Alikuwa amelala ubavu, amejikunja, uso mzuri tu.

Nilikwenda kumchukua na shangazi yako Kandida, dada yake. Hili nataka ulishike: nilikwenda naye. Tulikaa kwenye benchi moja hospitalini, tukaitwa pamoja, tukasimama mbele ya daktari mmoja. Daktari akatuambia kwa upole, "Ni sumu ya mkaa. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu. Haina harufu, haina rangi. Mtu anasinzia, haamki. Poleni sana. Kila kipupwe tunaletewa watu wa namna hii."

Nikamwuliza, "Kila kipupwe?"

"Ndiyo, mama."

"Na mnamwambia nani?"

Akapanga kalamu zake mezani. "Tunawaambia ndugu."

Ndugu! Unamwambia ndugu wa maiti namna ambavyo maiti angeishi. Nilipiga meza yake mpaka kalamu zikadondoka. Yule kijana hakuwa na kosa, lakini ndiye aliyekuwa mbele yangu. Kandida akanishika mabega, akanitoa nje, akanipangusa machozi kwa ncha ya kitenge chake. Alilisikia neno la daktari kama nilivyolisikia mimi, na njiani kurudi alilirudia mwenyewe: "Sumu ya mkaa, jamani, sumu ya mkaa."

Tukazika. Baada ya kuzika ukoo ukakaa kikao, mimi nikaitwa, nikakaa chini mbele yao. Nikawaeleza alichosema daktari. Baba yako mkubwa, Mungu amrehemu lakini asiharakishe, alicheka kabisa. "Moshi? Sisi tumezaliwa na moshi. Mama zetu wanapika ndani kwa kuni, tumelala juu ya moshi tangu tumbo la uzazi. Moshi umwue mwanamume mzima, na aliyelala chumba cha jirani asisikie hata kikohozi?"

"Si moshi," nikasema. "Ni hewa. Haionekani."

"Isiyoonekana," akasema, akawageukia wenzake. "Mmesikia? Amekiri mwenyewe. Kilichomwua hakionekani."

Nikamtazama Kandida. Nikasema, "Wifi, ulikuwepo. Waambie." Watu wote wakamgeukia. Kandida akatazama mikono yake, akasema, "Daktari alisema maneno mengi. Mimi sikuyaelewa."

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, Redempta. Kabla ya hapo nilikuwa na uchungu tu.

Unajua desturi ya huku. Ukishatuhumiwa uchawi huulizwi tena, unapelekwa kwa mganga ng'ambo ya mto ukanyolewe, kichwa na mwili, uchawi ukutoke, na mji utulie. Waliniambia nikikataa shamba linarudi kwa ukoo na wewe unabaki kwao. Nilikuwa na umri kama wa dada zako wa kwaya wale wakubwa, nina mtoto mmoja na jembe moja. Padri aliposikia alinionya kanisani kwamba nisiende. Lakini padri hakuniambia nikilala nje yeye atafungua mlango upi.

Nilikwenda. Ninakueleza hili kwa mkono wangu kwa sababu sijawahi kulisema kwa kinywa. Waliniweka kwenye mstari na wengine, vikongwe, na kijana mmoja aliyelia. Wembe ulikuwa butu. Nilirudi nyumbani nimejifunga kilemba, ukakivuta kwa mchezo, ukaniona kichwa. Ukauliza, "Mama, nywele zako?"

Nikakujibu, "Ni msiba, mwanangu. Baba akifa watu hunyolewa."

Ukaamini. Ukataka na wewe unyolewe. Nilikupiga kofi, na hukujua ni kwa nini. Kofi lile lilikuwa la watu wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyelipata.

Nilidhani nimenunua amani. Kweli walitulia. Shamba likabaki, wewe ukabaki, Kandida akaanza tena kuleta mboga kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi nikazipokea. Lakini kwa kukubali wembe ule nilitia sahihi. Kila aliyekuwa na shaka, aliyejiuliza labda kweli ni jiko, aliniona na kipara akasema aa, basi, amenyolewa. Habari ya mkaa ikazikwa, na udongo niliupiga mimi.

Miaka yote iliyofuata nilikuwa nazima redio ikifika hali ya hewa. Wewe ukawa unaenda kuisikiliza kwa jirani. Nilijua. Ukirudi ulikuwa unatazama mawingu ya Udzungwa kama mtu anayesoma, nami nachukia. Unakumbuka ulipokuwa sekondari ukatangaza mtaa mzima kwamba kesho mvua, kipupwe katikati? Tukakusanya mpunga wote, majirani wakakusanya wa kwao, tukafunika, tukakaa. Halikudondoka tone. Jua likawaka kama la kuchoma nguruwe. Walikucheka, ukajifungia ndani unalia. Mimi nilifurahi siku ile, sikufichi. Nilisema labda sasa ataacha. Hukuacha. Ulitoka umevimba macho ukasema, "Afadhali kukusanya bure kuliko kuloana," ukaenda kuanika upya, gunia kwa gunia, peke yako. Nilikutazama mgongo nikaona mgongo wa baba yako, nikaingia ndani.

Sasa nifike mwaka jana, wakati wewe uko chuoni. Hili sijakueleza kwa sababu nilitaka kwanza hasira ipoe, na haikupoa.

Bei ya hapa ilikuwa mbaya tena. Nikasema sasa basi, nakwenda Makambako mwenyewe. Watu walishangaa. Kandida alisema, "Wifi, huogopi?" Nikamwambia mimi naogopa watu wa hapa tu. Nikapakia mchele, nikapanda treni na mablanketi mawili, soksi ndefu za mpira nilizonunua sokoni, na masweta mawili moja juu ya jingine. Watu wa behewa walinicheka mpaka Mlimba. Baada ya Mlimba wakaacha.

Sikwenda kwenye gesti ile, imeshavunjwa. Nikapata nyingine karibu na stesheni. Magharibi imeingia, natoka kunawa uso, napita kwenye korido, naona mhudumu amebeba jiko limekolea, jekundu, anagonga mlango. Vijana wawili wakafungua. Kwa lafudhi tu nilijua ni wa kwetu, wa Chita, wamekuja na mchele kama mimi. Mmoja amejifunga taulo kichwani. Wakalipokea jiko kwa shangwe kama wamepokea bibi harusi.

Nikaweka mguu mlangoni.

"Hilo jiko litoke," nikasema.

"Mama, umekosea chumba," yule wa taulo akasema.

"Sijakosea. Mkilala nalo mmefunga mlango hamtaamka. Toeni."

"Mama, acha hizo. Sisi tumetoka bondeni, ni hii baridi ndiyo itatuua."

"Hata kwenye redio wamesema baridi kali, tuchukue tahadhari," akadakia mwenzake, amechuchumaa anajipasha mikono. "Sasa si ndiyo tahadhari yenyewe hii?"

Redempta, soma tena hapo. Alichuchumaa juu ya mauti yake akaniambia ndiyo tahadhari yenyewe. Hakuwa mjinga. Aliambiwa achukue kitu, hakuambiwa kitu gani, akachukua kilichokuwa karibu.

Nikawaambia, "Kuna mtu wa Ifakara alikufa hapa hapa Makambako kwa jiko kama hilo."

Yule wa taulo akapunga mkono. "Aa, yule! Habari yake tunaijua. Huyo hakufa kwa jiko, mama. Alirogwa na mke wake. Si walimnyoa yule mwanamke? Bonde zima linajua."

Mwenzake akacheka. Walikuwa watoto wadogo baba yako alipokufa. Hawakuwahi kuniona. Waliletewa habari yangu ikiwa imeshapikwa, wakaila, na sasa walikuwa wanakwenda kulala nayo mlango umefungwa.

Nikasema, "Mke wake ni mimi."

Mhudumu aliyekuwa nyuma yangu akarudi hatua. Yule wa taulo akaivua taratibu, akaikunja, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Nikasema, "Baba wa binti yangu aliziba mlango kwa gunia. Daktari aliniambia kwa mdomo wake. Walioninyoa hawakutaka kusikia, na mimi nilinyamaza ili nisilale nje. Sasa sinyamazi. Toa jiko."

Wakalishika huku na huku, wakalitoa mpaka uani. Mwenye gesti akaja mbio. "Mama, unanifukuzia wateja!" Nikamwuliza wateja wake anapenda watoke kwa miguu au kwa machela. Tukatukanana, nakuambia ukweli, tukatukanana mpaka wapita njia wakasimama. Nilimwambia maneno ambayo sikujua ninayo. Mwisho nikawapa wale vijana blanketi langu moja na magunia yangu matupu, wakajifunika wakilalamika.

Asubuhi waliamka. Niliwasikia wakigombania ndoo ya maji ya moto, wanatukanana, wanacheka. Watu wengine wangemshukuru Mungu. Mimi nilikaa kitandani na hasira yangu, maana nilitambua kitu kimoja. Mimi nilinyolewa ili niishi kwa amani na wakwe zangu, kumbe amani yangu ilikuwa inapanda treni kila kipupwe inawafuata watoto wa watu huku juu. Ni wangapi waliofia korido nyingine ambako sikupita? Sijui. Usinijibu.

Nilirudi nikaenda kanisani Jumapili. Misa ilipokwisha nikamwomba katekista nafasi ya tangazo. Alidhani nauza mchele. Nikasimama nikasema yote, jiko, daktari, gunia la mlangoni, kikao, wembe. Nikasema jina la Kandida kwamba alikuwepo. Akainuka, akapita katikati ya benchi, akatoka. Wengine wakamfuata. Wengi walibaki. Mzee mmoja akauliza kwa dhati kabisa, "Kwa hiyo wewe si mchawi?"

"Mimi ni muuza mchele," nikamjibu. "Na wewe ukienda Njombe kwa mwanao, usilale na jiko."

Sijui wangapi waliamini. Lakini kipupwe hiki wanaosafiri kwenda juu wamekuwa wakipita hapa kwangu kuulizia mablanketi ya kuazima, wanajifanya wamekuja kununua mchele. Nawaazima. Nawagombeza kwanza, kisha nawaazima.

Sasa nirudi kwako. Juzi ulinisomea kwenye simu yako utabiri uliokuwa unajifunza kuandika. Ukapita nchi nzima, ukafika nyanda za juu, baridi kali, wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari. Nikakuuliza, tahadhari gani? Ukasema, "Mama, kazi yetu ni kueleza hali ya hewa. Siwezi kuandika habari za majiko kwenye utabiri. Muda wenyewe ni mfupi." Nikakuuliza huwezi au hujaambiwa? Ukazima simu. Ndiyo hapo tulipoacha kusemeshana.

Mimi sijui kazi yenu. Sijui vyombo vyenu, na sikubishii kwamba mnapima kweli. Najua utakuwa na wakubwa, na mna lugha yenu ya ofisini. Najua utakuwa mgeni na utataka kupendwa. Nami nilikuwa mgeni kwenye ukoo wa baba yako na nilitaka kupendwa, umeona ilikonifikisha. Sikuagizi ugombane siku ya kwanza. Nakuambia tu ninavyosikia mimi niliye huku upande wa pili wa redio. Mtu akisikia mkoa wake anatega sikio, mkoa wa mwenzake anakohoa. Na watu hawakai mikoani kwao, Redempta. Wako njiani na magunia. Yule anayekwenda kuuawa na baridi yenu amelala kwenye joto la kwetu usiku uliotangulia, anaisikiliza baridi hiyo kama habari za nchi nyingine. Mkiwa na nafasi ya kusema "wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari", mna nafasi ya kusema "msilale na jiko la mkaa ndani". Nimeyahesabu kwa ulimi, hayazidi. Ukisema hayafai kuandikwa, basi yatamke kwa dada wa redioni, mwambie mhudumu wa gesti, mwambie dereva, gombana na mtu koridoni. Lakini usije ukaniambia tena sahihi. Kusema kweli na kusikika ni kazi mbili, na baba yako alikufa katikati yake.

Na ukinikasirikia kwa hili, nikasirikie. Mimi sikulelewa na watu wapole na sikuweza kukulea kwa upole. Nilikuficha mambo, nikakupiga kwa makosa ya wengine, nikachukia kitu ulichokipenda kwa sababu kilikuwa na sauti ya yule dada. Usiniombee hasira hii iniishe. Nilipokuwa sina hasira nilikuwa nakubali wembe.

Kitu kimoja bado. Ulipotoka tu kwenda kwaya, shangazi yako Kandida alibisha hodi. Hajakanyaga hapa tangu ile Jumapili. Alisimama uani, hakukaa, na mimi sikumwonyesha kiti. Amekuletea sweta, amelifuma mwenyewe, la sufu nzito, rangi ya kijani. Akasema, "Mwambie huko juu ni baridi." Nikamwambia, "Mwambie wewe, si unajua kusema?" Akainamisha kichwa, akasema, "Niliyaelewa, wifi. Maneno ya daktari niliyaelewa yote." Kisha akaondoka.

Sijamsamehe. Usije ukasema kanisani kwamba nimemsamehe. Lakini sweta nimelivuta mishono yote, limefumwa vizuri, halina tundu. Nimeliweka juu kabisa kwenye begi lako. Mkishapita Mlimba, livae.

Mama yako,
Sabina